Mikono ya Liberatus

Mambo yaliharibika Jumamosi ya tarehe 12 Februari, mwaka 1955, asubuhi, katika soko la Mwanjelwa, kwa sababu mkubwa mmoja alisemekana atapita. Mkubwa mwenyewe hakupita. Gari lake lilishika barabara nyingine, akaenda kunywa chai huko alikokwenda, na hakujua kamwe kwamba siku ile mtu alipoteza jicho, mwingine akaingia jela, na msichana mmoja akapata mchumba. Wakubwa ndivyo walivyo. Hata wasipofika wanaacha majeruhi.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Soko lote lilikuwa tope, na juu ya tope magunia ya viazi, mikungu ya ndizi, samaki wakavu wa Kyela, harufu ya mafuta ya taa na ya ng'ombe aliyechinjwa alfajiri. Kwenye baraza ya duka la Othmani, mtu ambaye babu yake alikuja bara na misafara kutoka pwani, alikaa Paskalina na cherehani chake cha mkono. Alikuwa mhamiaji tu Mbeya, kwao Iringa. Masista ndio waliomfundisha kushona. Alivaa gauni la maua madogo ya njano na sweta la kijani lililofumwa kwa mkono, kilemba amekifunga upande kama mtu mwenye haraka, na miguu, basi, miguu ile iliwafanya wachukuzi wa soko wapitie baraza ya Othmani hata kama mzigo wao ulikuwa unakwenda upande mwingine.

Akaja Edmund, askari wa soko. Tarbushi nyekundu, kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama kama bati, fimbo kwapani. Baba yake, Mzee Bartholomeo, ndiye aliyekuwa mkuu wa soko siku sita za juma, na siku ya saba alikuwa mzee wa kanisa, benchi la mbele. Yeye ndiye aliyempa mwanawe tarbushi, na yeye ndiye aliyetoa amri asubuhi ile: baraza zote ziwe tupu.

"Wewe! Toa takataka zako hapo, mkubwa anapita."

"Nimalizie pindo hili tu, kaka Edmund. Ni nguo ya ubatizo, mtoto anabatizwa kesho."

"Mimi kaka yako tangu lini?"

"Tangu ulipobatizwa na wewe," akasema Paskalina, na akina mama wa viazi wakaangua kicheko.

Kicheko hicho ndicho kilichomponza. Mtu aliyevikwa cheo na baba yake hawezi kuchekwa, maana ndani hana kitu kingine cha kusimamia. Edmund alikipiga teke cherehani kikaruka, kikaanguka kwenye tope na gurudumu lake likakatika. Paskalina aliposimama, akamchapa kofi la kulia, akamchapa na la kushoto.

Upande wa pili wa njia, kijana mmoja alikuwa anashusha magunia kutoka kwenye lori. Liberatus Kalinga, Mhehe wa Igowole, mabega mapana, shati limempasukia mgongoni kwa kazi. Alitua gunia. Ngumi ya kwanza ilimtoa Edmund tarbushi. Ya pili ilimpasua mdomo. Ya tatu haikuwa na lazima, maana Edmund alikuwa ameshalala chali kwenye tope, lakini Liberatus aliinama akaipiga vilevile. Ile ya tatu ndiyo iliyoondoka na jicho.

Kisha Paskalina, mashavu yanamwaka, akamwendea Liberatus na kumsukuma kifua.

"Nani alikutuma?"

"Nilidhani utasema asante, dada."

"Asante ya nini? Nilikuwa na cherehani kilichovunjika. Sasa nina cherehani kilichovunjika na kipofu!"

Liberatus alitaka kucheka, akaona mikono yake. Ngozi ya vifundo vya vidole ilikuwa imebanduka yote, mfupa unaonekana mweupe kama jino. Paskalina naye akaona. Akaitazama ile nguo ya ubatizo mkononi mwake, imechafuka tope, haifai tena. Akaichana vipande viwili, akamfunga mkono mmoja, akamfunga na wa pili.

"Unaitwa nani, mwendawazimu?"

"Liberatus."

"Mkatoliki?"

"Kwa jina."

"Nilijua. Kaza hapo, usiachie."

Polisi walimkuta bado ameshikwa mikono na yule msichana, wakafikiri ni yeye aliyemkamata.

Hakimu hakuuliza nani alimpiga msichana. Aliuliza tu nani alimpiga askari, na jibu lake lilikuwa miezi sita.

*

Jumapili ya kwanza Liberatus aliitwa kwenye wavu wa seng'enge akamkuta Paskalina amesimama na kikapu, kanga ya Bi Mwamvita mabegani. Bi Mwamvita alikuwa mke wa Othmani, na Paskalina alipanga chumba kwao, kule Ilomba. Alipoambiwa chakula kinakwenda jela, mama yule hakuuliza ni cha Mkristo au cha nani. Aliongeza samaki juu, akasema, "Mungu mmoja, njaa moja. Nenda."

"Umeleta nini?" akauliza Liberatus.

"Umemwombea Edmund?"

"Nakuuliza chakula, unanijibu sala."

"Bila sala hakuna chakula. Umemwombea?"

"Nimemwombea."

"Umesemaje?"

"Nimesema, Bwana, mpe jicho jingine, halafu mpe na adabu."

Paskalina alijizuia asicheke, akashindwa. "Rudia. Bila adabu."

Akarudia. Alikula. Jumapili iliyofuata alirudia tena, na iliyofuata, na wafungwa wengine wakaanza kumtania kwamba Mhehe ameanza kusali kwa ajili ya samaki. Huenda mwanzo ilikuwa kweli. Lakini mtu akilitaja jina la adui yake kila juma, jina hilo mwishoni linaanza kuwa na sura, na sura ina jicho moja. Mwezi wa nne Liberatus aliamka usiku akalia. Hakumwambia mtu.

"Paska," alisema siku moja, vidole vyake vimepita kwenye wavu, "nikitoka humu nitakuoa."

"Kwa mikono ipi?"

"Ninayo miwili tu."

"Hiyo siitaki mpaka itulie. Nimezaliwa nyumba ya kipigo, Libe. Baba alikuwa anampiga mama, na majumbe wa kodi walikuwa wanampiga baba, kila mtu ana wa kumpiga. Mimi nataka nyumba moja ambayo ngumi haiingii."

"Haitaingia."

"Ulisema hivyo hivyo juu ya pombe."

"Na nimeacha!"

"Uko jela, mpenzi. Utaipata wapi?"

*

Alipotoka, mwezi wa nane, baridi na vumbi la Mbeya vikimkata midomo, walikwenda pamoja kwa Padre. Padre alikuwa mzungu mzee mwenye ndevu za rangi ya tumbaku. Mzee Bartholomeo alikuwa ameshafika, koti jeusi, fimbo ya mpingo kati ya magoti.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," akajibu Padre.

"Padre," Bartholomeo akaanza hata kabla hawajakaa, "huyu ni mnyama. Kanisa linafungisha ndoa wanyama siku hizi?"

Padre hakupenda ugomvi. Kama wakubwa wote alitafuta njia ya katikati, na njia ya katikati daima inapita juu ya mgongo wa mtu mdogo. Akaamua hivi: Liberatus aapishwe altareni kwamba hatainua mkono juu ya mtu yeyote. Ndoa itatangazwa Jumapili tatu kabla ya Majilio, kama desturi, ili mwenye kizuizi aseme. Likisomwa tangazo la tatu na mkono haujainuka, watafunga ndoa. Ukiinuka, tangazo litachanwa, na parokiani pale asilete tena habari ya kuoa.

"Na akipigwa yeye?" Paskalina akauliza.

"Atageuza shavu la pili, binti yangu."

"Yesu naye alikuwa na mashavu mawili tu, Padre. Likiisha la pili?"

Padre alicheka, akamshika kichwa kama mtoto.

Liberatus akaapa. Lakini Mbeya hakuna aliyethubutu kumpa kazi mtu aliyemtoa jicho mtoto wa mkuu wa soko, basi akapanda basi kwenda Iringa, akapata kazi ya kupakia tumbaku kwenye ghala moja kule chini karibu na mto.

Huko alimkuta Jailos, waliyechunga naye ng'ombe Igowole. Jailos wa siku hizi alikuwa na suruali pana yenye mikunjo, nywele za mafuta, viatu vyeusi kwa vyeupe. Alikuwa na ukumbi wa dansi, na ndani ya ukumbi alikuwa ametengeneza ulingo wa ngumi.

"Wagiriki wa tumbaku wanakuja, Wahindi wanakuja, warembo wamekaa mbele na mabega wazi. Panda mara moja tu, bwana! Utarudi Mbeya umevaa kama mimi."

"Nimeapa."

"Umeapa kutompiga mtu. Kule juu siyo mtu, ni mchezo."

"Yule anayeanguka anakuwa nini?"

"Anakuwa maskini," akasema Jailos, na wote wawili wakacheka. Kisha Jailos akamsogelea. "Kalinga, kweli kabisa. Mikono hii Mungu alikupa ya nini? Ya kupakia tumbaku?"

Jioni zile Liberatus alipita mbele ya ukumbi, akasikia gitaa, akasikia kelele za watu mtu anapoangushwa, na mikono yake ikamwasha mfukoni kama yenye upele. Akatembea mpaka kanisani, akakaa benchi la nyuma mpaka mwasho ukapita. Si kila siku ulipita.

Kule Mbeya tangazo la kwanza likasomwa. Likasomwa la pili. Hapo Mzee Bartholomeo akamwita mwanawe.

"Mtu aliyekutoa jicho anaoa, na wewe umekaa."

"Nifanye nini, baba?"

"Nenda Iringa na wenzako wawili. Sitaki umuue. Nataka ainue mkono. Mara moja tu, mbele yenu, kisha uje uniambie."

Ndivyo mzee wa kanisa alivyosema, na rozari ikiwa mfukoni mwake.

Walimkuta Alhamisi jioni nyuma ya ghala, wapakiaji wengine wameshaondoka, yeye anafunga mnyororo wa lori. Edmund hakusalimu. Alimpiga fimbo ya shingo. Wenzake wakaja na mikanda, upande wa chuma. Nyusi ikapasuka, damu ikaziba jicho. Jino likatoka. Liberatus alipepesuka, akageuka, mkono wa kulia ukakunjika wenyewe, ngumi ikakamilika, ikapanda mpaka kiunoni.

Ikasimama hapo. Kisha akaupeleka mkono nyuma, akaushika mnyororo wa lori, na wa pili akaupeleka kuufuata.

"Inua!" Edmund akapiga kelele. "Inua mkono, mbwa wewe!"

Wakampiga mbavu. Wakampiga tumbo. Alipoanguka magoti mnyororo ulimbakiza wima nusu, kama ng'ombe anayengoja kisu.

"Edmund," akasema kwa mdomo uliojaa damu, "jicho lako..."

"Usilitaje jicho langu!"

"Kila Jumapili naliombea."

Edmund akaitupa fimbo akampiga kwa mikono mitupu, usoni, usoni, usoni, mpaka vifundo vyake mwenyewe vikapasuka, mpaka wale wawili wakaona aibu wakaanza kuondoka bila kuaga. Alipochoka alikaa juu ya tairi akihema. Alikuwa analia. Alitazama mikono ya yule mtu, bado imeshika mnyororo, akatema mate, akaenda zake.

*

Zubery, dereva wa basi la Iringa na Mbeya, alikuwa na mdomo usiofungwa hata kwa kufuli. Ijumaa asubuhi, kabla hajawasha basi, alituma salamu kwa simu ya kituo chao: "Mwambieni fundi wa Othmani, mchumba wake sura imekuwa boga." Saa nne Paskalina alikuwa posta ya Mbeya, na Liberatus ameitwa posta ya Iringa.

"Haloo? Libe wangu?"

"Paska. Sauti yako imekuwa nyembamba kama uzi."

"Si imepita milima yote hiyo. Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Usinizungushe. Zubery anasema uso wako umevimba."

"Zubery anasema mengi."

"Umevimba, haukuvimba?"

"Umevimba kidogo."

"Nani?"

Liberatus aligeuza shingo. Nyuma yake kulikuwa na foleni, wanaume watupu, Wahehe watupu, mashuka ya migolole yametupwa begani, kila mmoja amesimamisha sikio. Jailos naye alikuwamo, kanyoosha shingo.

"Kijana," akasema mzee mmoja kwa sauti, "waambie huko Mbeya na wewe umewafanya nini hao."

"Sema, bwana!" akadakia Jailos. "Mjukuu wa Mkwawa hapigwi bure!"

Hapo ndipo asiyewajua watu hawa atashangaa. Kwa Mhehe jela siyo aibu, hata babu zao walifungwa. Kumtoa mtu jicho siyo aibu kubwa. Lakini kupigwa, ukiwa na mikono yako mizima, usirudishe, hilo litaimbwa na wanawake kisimani, na watoto wako wataitwa watoto wa fulani aliyepigwa kama punda. Kiapo cha altareni alikuwa amekishika mbele ya watu watatu wenye mikanda. Mbele ya foleni ya posta akashindwa.

"Libe," sauti ya Paskalina ikaja, taratibu, "uliwarudishia?"

"Niliwarudishia."

"Libe!"

"Niliwapiga wote."

Foleni ikapiga makofi. Mzee wa mgolole akamgonga mgongoni, penye jeraha, naye akatabasamu kwa maumivu.

Kule Mbeya Paskalina alishika simu kwa mikono miwili. "Na mimi umenipiga," akasema. "Tena umenipiga kuliko Edmund."

"Paska, sikiliza kidogo..."

"Dakika zimekwisha," akasema karani wa posta, akachomoa waya.

*

Jumamosi jioni Liberatus alishuka basi, mvua za kwanza zinanyesha, akafika Ilomba amejikunyata, mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Hodi!"

"Karibu, ukae huko huko nje," akajibu Bi Mwamvita akiwa mlangoni, akaona ule uso, akaziba mdomo. "Mama yangu wee. Wamekufanya nini?"

"Shikamoo, mama. Mwambie nimekuja."

"Marahaba. Amesikia. Hata majirani wamesikia."

Kweli. Kwenye ukumbi wa jirani wanaume wanne waliokuwa wanacheza bao waliacha kete mkononi.

"Bi Mwamvita," Paskalina akasema kutoka ndani, sauti kavu, "muulize, alipokuwa anawapiga alinikumbuka?"

"Nilikukumbuka," akasema Liberatus.

"Basi ni vibaya zaidi."

Akafungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale juu ya ulimi, mfupi, maneno mawili. Akawatazama wale wa bao. Akaufunga.

"Wanaume!" Bi Mwamvita akasema, akimletea bakuli la uji nje kwenye mvua. "Wanajua kubeba gunia. Neno moja linawashinda."

Usiku ule Paskalina alilikunja gauni la arusi, lililobakia pindo tu, akaliweka chini ya kitanda.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka milangoni, maana habari ya posta ilikuwa imefika kabla ya Misa. Wanaume kulia, wanawake kushoto. Padre akasoma.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Liberatus Kalinga wa Igowole, na Paskalina, wanataka kufunga ndoa. Mwenye kujua kizuizi, aseme."

Fimbo ya mpingo ikagonga sakafu. Mzee Bartholomeo akasimama.

"Padre, kizuizi kinaonekana kwa macho. Mtazame huyo uso. Na mwenyewe amekiri, posta nzima ya Iringa imesikia."

"Liberatus," Padre akauliza, "umeinua mkono?"

Liberatus alisimama. Alishika benchi la mbele yake kwa mikono yote miwili asianguke. Hakujibu. Kanisa zima lilitazama uso wake, jinsi ulivyopasuka.

Paskalina peke yake alitazama mikono. Mikono ile alikuwa ameifunga mwenyewe, Februari, kwa nguo ya ubatizo. Alikuwa ameuona mfupa. Sasa palikuwa na makovu ya zamani tu, na ngozi nzima, laini, kama ya mtu aliyetoka likizo. Akageuza macho upande wa pili. Edmund alikaa nyuma ya baba yake, kichwa chini, mkono wa kulia umefungwa kitambaa.

Akasimama.

"Padre, naomba nimuulize mtu mmoja."

"Mwanamke haulizi kanisani!" akafoka Bartholomeo.

"Basi nitamuulizia nje, na watu wote watoke wanifuate."

Mabenchi ya wanawake yalicheka chinichini. Padre hakusema ndiyo wala hapana.

"Edmund. Siku ile huyu alikupiga ngumi tatu tu, na mikono yake ikabanduka mpaka mfupa. Anasema Iringa kawapiga watu wote. Mbona haina hata mkwaruzo? Na wako, ndugu yangu, umefungwa kwa nini?"

Mvua juu ya bati.

"Keti, Edmund," akasema baba yake, ingawa Edmund alikuwa amekaa.

Edmund akainuka. "Hakunirudishia," akasema.

"Sema kwa sauti," Padre akamwambia.

"Hakunirudishia! Tulimpiga watu watatu. Alishika mnyororo wa lori, hakuachia. Akasema analiombea jicho langu." Akamwonyesha baba yake kwa kidole. "Baba ndiye aliyenituma. Alisema nimfanye ainue..."

Fimbo ya mpingo ilimpata mdomoni. Jino lilidondoka sakafuni, na kanisa zima likalisikia. Ya pili iligonga tarbushi aliyokuwa ameishika mkononi, ikaitupa mpaka miguuni pa Padre. Mzee alikuwa ameinua ya tatu, macho yamemtoka, anapiga kama anavyopiga mtu sokoni, amesahau yuko wapi, au labda hakuwahi kuona tofauti. Liberatus aliruka mabenchi mawili, mbavu zake zinalia, akamkumbatia Edmund na kumfunika kwa mgongo. Ya tatu ikatua kwake. Ya nne. Ya tano. Mikono yake ilikuwa imemzunguka Edmund, kichwa cha Edmund kimebanwa kifuani pake, na yule mwenye jicho moja alikuwa anasema, "Niachie, Kalinga, niachie, atakuua."

Wanaume wakamshika mzee. Padre alikuwa mweupe kuliko mishumaa yake.

"Yupo mwingine," akauliza kwa sauti ndogo, "mwenye kizuizi?"

Hakuwapo.

Mzee Bartholomeo alifanywa nini? Padre alimwambia apumzike Jumapili mbili. Ya tatu alirudi benchi la mbele. Kule bomani walisema hayo ni mambo ya kanisa. Kanisani walisema mambo ya soko ni ya boma. Sokoni aliendelea kuwa mkuu, na aliyepoteza kazi ni Edmund.

Lakini Jumapili ile ile, nyuma ya kanisa, chini ya ukingo wa bati, Paskalina alimketisha Liberatus juu ya jiwe, akamfuta damu ya mgongo kwa kilemba chake.

"Mwongo mkubwa wewe."

"Kulikuwa na watu, Paska. Foleni nzima."

"Kwa hiyo mbele ya watu ni afadhali uwe mwenye dhambi kuliko uwe umepigwa?"

"Kwetu ndivyo."

"Kwetu wapi? Mimi natoka wapi, Ulaya?" Akabonyeza jeraha makusudi, naye akaguta. "Hiyo ni ya simu. Na hii ni ya jana usiku. Nilikunja gauni zima, sasa limejaa mikunjo."

"Bado unanitaka?"

"Nani mwingine atalitaka boga hili?"

Liberatus akacheka, akashika mbavu, akaendelea kucheka. Paskalina akaweka shavu lake juu ya kichwa chake, pale penye nywele zisizo na damu, akakaa hivyo. Mtu mwenye mke aliye hai hajui thamani ya uzito huo mdogo, kichwa cha mwanamke juu ya kichwa chake. Anajua ukiisha kuondolewa.

Mvua ilikatika. Kule barabarani, ingawa ilikuwa Jumapili, askari mwingine wa soko alikuwa anapita, kijana, tarbushi nyekundu kama ya Edmund, anawafukuza kwa fimbo akina mama waliokuwa wametandika ndizi nje ya ukuta wa kanisa. Mmoja aliinama kuokota mkungu wa ndizi. Fimbo ikatua mgongoni pake. Mlio wake uliwafikia pale jiweni.

Paskalina aliinua kichwa. Mkono wake ulipanda wenyewe mpaka shavuni, lile la kulia, kisha la kushoto. Liberatus aliona. Ngumi ya kulia ikakunjika juu ya goti, ikakunjuka, ikakunjika tena. Yeye naye aliitazama kama mnyama wa mtu mwingine.

"Libe."

"Naam."

"Siku wakinipiga mimi mbele yako, hiyo mikono utaiweka wapi?"